Baridi, Oili na Dizeli ya Gari Letu



Kila ifikapo Juni na Julai, huku Njombe na Makete umande huganda majanini. Ndiyo miezi tunayosikia maneno: dizeli ya gari la ushirika inakwisha upesi, dereva anaiuza. Huenda anaiuza. Lakini kabla hatujamwita mwizi, tuitazame kwanza injini.

Oili iliyolala kwenye baridi huwa nzito, kama asali wakati wa kipupwe. Injini hutumia nguvu nyingi kuzunguka ndani ya uzito huo, na nguvu hiyo hutoka kwenye dizeli. Injini ikishapata moto, oili hulegea. Kwa hiyo safari fupifupi, za kuwasha na kuzima, ndizo zinazokula mafuta zaidi. Gari linazimwa kabla halijapata moto!

Sasa tushike kopo la oili. Si tumejifunza kusoma? Basi tusome. Limeandikwa 15W-40, au 20W-50. Namba iliyo mbele ya W inahusu baridi: ikiwa ndogo, oili hutiririka upesi asubuhi. Lakini tusibahatishe, kitabu cha gari kinataja oili yake. Oili nzito kuliko hiyo inaweza kutupotezea lita 1 au 2 katika kila lita 100. Wala tusiilegeze kwa mafuta ya taa, tutaua injini.

Wengine huiacha injini ikinguruma nusu saa ipate moto. Hiyo ni dizeli bure. Tuwashe, tungoje kidogo, tuondoke polepole.

Halafu tuandike daftarini kilometa na lita za kila safari, Julai tuilinganishe na Novemba. Pengo likiwa kubwa mno, hapo ndipo tumwulize dereva.