Unga wa Kriatini na Akili ya Mtihani
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Igurwa)



Jana jioni kijana wa Kidato cha Nne aliniuliza faraghani kama atumie fedha alizopewa na mama yake kununua kopo la kriatini. Ameambiwa unga huo huongeza akili. Nimemwomba ruhusa nimjibu mbele yenu, maana najua hayuko peke yake.

Kriatini si uchawi. Mwili hujitengenezea, na nyingine tunaipata katika nyama na samaki. Sehemu kubwa hukaa kwenye misuli. Kidogo hukaa kwenye ubongo, ikisaidia kurudisha nguvu inayotumika haraka. Ndizi na maharage havitupi kriatini. Basi mtu atasema, "Kumbe sisi wa Karagwe tumepunjwa!" Tusiharakishe.

Mwaka 2003 watafiti wa Australia waliwapa watu 45 wasiokula nyama gramu 5 kwa siku, kwa wiki 6. Alama zao za kumbukumbu zilipanda. Lakini mwaka 2023 wataalamu wa Ujerumani walijaribu tena kwa watu 123, wanaokula nyama na wasiokula. Faida ilikuwa ndogo mno, wala haikuwa ya hakika, na wasiokula nyama hawakuwazidi wenzao. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliamua kwamba haijathibitika kuwa kriatini huboresha akili.

Dalili za msaada zimeonekana kwa watu walionyimwa usingizi. Lakini ndugu zangu, dawa ya kukosa usingizi ni kulala, nayo haiuzwi kwenye kopo.

Hili nalijua. Usiku wa kuamkia mtihani wa Hisabati nilitafuna kahawa yetu ya kienyeji mpaka jogoo wakawika. Asubuhi nililisoma swali la kwanza mara tatu, nisielewe hata neno. Jirani yangu, aliyekoroma usiku kucha, alikuwa ameshageuza ukurasa. Matokeo yalipotoka, yeye alipasua. Mimi niliponea chupuchupu.

Kwa hiyo, kijana wangu, mama yako aliuza ndizi kupata fedha hizo. Nunua madaftari na kalamu, zinazobaki mrudishie. Kula maharage yako, fanya mazoezi ya maswali kila siku, kisha ulale.