KWA NINI KISAMVU HUTWANGWA NA NYAMA HAITWANGWI

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo



Juma lililopita, tulipomaliza somo, mama mmoja alisimama akatuuliza: "Mwalimu, nyama ya mbuzi naitia chunguni moja kwa moja. Lakini kisamvu lazima nikitwange mpaka mikono inauma. Kwa nini? Na nisipotwanga, kuna ubaya gani?" Baadhi yenu mlicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu swali lile ni la elimu, tena ni la uhai. Tuliahidi kulijibu. Haya, leo tulijibu.

Nyumba hujengwa kwa matofali. Kila chenye uhai nacho kimejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli. Mbuzi ni seli, jani la muhogo ni seli, na sisi wenyewe ni seli. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Huonekana kwa hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alieleza jinsi alivyotazama kwa hadubini ganda la mti la kutengenezea vizibo vya chupa. Aliona vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki. Mwaka 1838 na 1839 Wajerumani wawili, Schleiden na Schwann, wakaeleza kwamba mimea na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

Seli ya mbuzi na seli ya muhogo zinafanana kwa mengi. Zote zina utando laini unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ndani mna ute, na ndani ya ute mna kiini kinachoongoza kazi. Lakini zinatofautiana kwa mambo makubwa matatu.

La kwanza ni ukuta. Nje ya ule utando, seli ya mmea ina ukuta mgumu wa kitu kiitwacho selulosi. Mnaijua selulosi: pamba tunayovuna karibu yote ni hiyo. Kwa sababu ya kuta hizo mti husimama bila mifupa. Seli ya mbuzi haina ukuta. Ni laini, na nyama yake huweza kujikunja na kujinyoosha. Ndiyo maana mbuzi hukimbia na mti haukimbii.

La pili ni kifuko cha maji, kiitwacho vakuoli. Katika seli ya mmea iliyokomaa kifuko hiki ni kikubwa sana. Kikijaa maji, jani hukakamaa. Maji yakipungua, jani hunyauka, kama tunavyoona miche yetu wakati wa jua kali. Seli ya mnyama haina kifuko kikubwa namna hiyo.

La tatu ni jiko. Seli za majani zina vijumba vya kijani viitwavyo kloroplasti. Humo mmea hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua, maji, na ile hewa tunayoitoa tunapopumua. Seli ya mnyama haina jiko hilo. Kwa hiyo mbuzi lazima atafute majani, na sisi lazima tulime.

Sasa turudi kwenye kinu. Muhogo hauwezi kumkimbia adui, basi hujilinda kwa sumu. Lakini hauiweki sumu hiyo tayari. Umetenga vitu viwili. Kimoja umekifungia ndani ya kifuko. Cha pili umekiweka kwenye ukuta. Vikikaa mbalimbali, sumu haipo. Mdudu akitafuna jani, ukuta huvunjika, kifuko hupasuka, vitu viwili hukutana, na sumu kali iitwayo sayanidi hutokea.

Mama anapotwanga, anafanya kazi ya mdudu kwa makusudi. Anavunja kuta na kupasua vifuko. Sumu hutokea palepale kinuni, na kwa kuwa hugeuka hewa upesi, huondoka. Inayobaki hupaa na mvuke wakati wa kuchemsha. Lakini ukichemsha majani mazima, moto hukiharibu kile kitu cha ukutani kabla hakijafanya kazi. Kile cha ndani ya kifuko hubaki katika mboga, na unaweza kudhurika baada ya kula. Nyama ya mbuzi haina kuta wala vifuko vya kupasua. Kwa hiyo haitwangwi.

Ndugu zetu, hili si jambo la mzaha. Mizizi ya mihogo michungu ina mambo hayohayo. Mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame, watu walikula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa siku za kutosha. Baadhi yao walikakamaa miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na aliyeupata hubaki na ulemavu.

Basi tukubaliane mambo manne:

1. Tutwange kisamvu mpaka kilainike kabisa, iwe kwa kinu au kwa mashine.

2. Tukichemshe vizuri, na sufuria iwe wazi ili mvuke utoke.

3. Mihogo michungu tuiloweke na kuianika kwa siku zilizozoeleka. Tusizipunguze hata kama njaa inatusukuma.

4. Tusivue shina majani yote. Mizizi iko gizani, haina jiko. Hulishwa na majani. Tuchume kidogo kila shina, tuzunguke shamba.

Mama aliyeuliza yupo hapa leo. Tunamwambia: mama, bibi zako hawakuwa na hadubini, lakini waliijua kazi ya kinu. Sasa wewe unajua na sababu yake. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee na jirani ambaye hajajua kusoma. Na baba, mtoto akililia chakula na kisamvu hakijalainika, shika mchi umsaidie mwenzako.