Kugawa Jengo Si Kugawa Madaraka

Kwa desturi mazungumzo haya hutazama mambo ya nchi jirani. Leo tunavuka bahari hadi Marekani, kwa kuwa yaliyotendeka huko yanamhusu kila mwenye dhamana ya kuongoza watu wengi, awe mwalimu mkuu, kamanda wa kikosi au mkuu wa kituo cha polisi.

Shule ya sekondari ya Julia Richman ilikuwa jijini New York, katika jengo kubwa la kutosha wanafunzi zaidi ya elfu mbili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 shule hiyo ilikuwa imezorota. Wanafunzi wengi hawakuhitimu, ghasia zilizidi, na mlangoni paliwekwa mitambo ya kugundua silaha.

Wakuu wa elimu wangeweza kuongeza mitambo na walinzi. Badala yake, tangu mwaka 1993 waliacha kuandikisha wanafunzi wapya. Shule ndogo zilianzishwa mahali pengine, na zilipokwisha kusimama zikahamishiwa katika jengo lile. Kila moja ilikuwa na mkuu wake, walimu wake na utaratibu wake. Wakuu hao waliunda baraza moja la kusimamia maktaba, ukumbi na mengine ya ushirika. Utulivu ukarudi, na mitambo ile ikaondolewa.

Lakini katika mji wa Denver mambo yalikwenda kombo. Mwaka 2001 shule ya Manual iligawanywa kuwa shule tatu, kila moja na ghorofa yake. Zikavutana juu ya vifaa vya pamoja, masomo ya kuchagua yakapungua, na wanafunzi wakahama. Mwaka 2006 shule ikafungwa, ikafunguliwa upya mwaka 2007.

Ndugu wasikilizaji, tofauti hii askari ataielewa upesi. Batalioni hugawanywa katika kombania, kombania katika platuni, na platuni katika seksheni. Shabaha yake ni kwamba kila askari awe na kiongozi anayemjua kwa jina, anayejua nani anaumwa na nani amefiwa. Lakini kiongozi huyo asipopewa mamlaka na zana za kutekeleza kazi yake, au akisahau kwamba yeye ni sehemu ya jeshi moja, mgawanyo huo huwa wa karatasi tu.

Udogo peke yake si dawa. Unafaa pale tu unapomwezesha kiongozi kumjua anayemwongoza, na unapofuatana na madaraka ya kweli pamoja na nidhamu ya ushirikiano. Kijana anayejulikana na mwalimu wake hapotei kwa urahisi katika msongamano. Na kijana asiyepotea shuleni hupunguza kazi ya polisi mitaani.