Thamani ya Msitu kwa Jamii Mbalimbali: Kaya za Wamijikenda na Suala la Mpaka

 

1. Utangulizi

Nimepewa dakika 20 nieleze jinsi jamii mbalimbali zinavyouthamini msitu na kuutumia. Mada ni bahari, nami nina kidau. Nitapita mbio kwenye yale tunayoyajua sote ili nipate nafasi ya jambo moja lililonishughulisha tangu nianze kazi: mpaka wa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, uko wapi. Maoni haya ni yangu binafsi, si msimamo wa afisi ninayoitumikia.

2. Istilahi

Kwa fasili ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti ya zaidi ya mita 5 ambayo matawi yake yanafunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Fasili hii tumeisikia katika kila semina, na kwa kipimo chake kaya na shamba la mikaratusi ni kitu kimoja. Thamani nayo huainishwa mafungu matatu: ya matumizi (mbao, kuni, dawa, asali), ya mazingira (maji, udongo, hewa) na ya utamaduni. Hilo fungu la tatu, katika fomu tunazojaza, lina mstari mmoja, na aghalabu tunauacha mtupu.

3. Jamii chache na misitu yao

Kwa Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, msitu ni ghala la asali. Kila ukoo una sehemu yake na mizinga yake, na mtu hatundiki mzinga kwa jirani bila ruhusa. Serikali iliwaona kuwa wavamizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao zilikiukwa.

Wasukuma wa Shinyanga, Tanzania, wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika na kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Hakuna mzimu hapo, kuna ng'ombe na hesabu ya majani. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 katika nchi iliyokuwa imegeuka vumbi, ngitili ndizo zilizorudisha miti.

Nchini Ufini, mtu yeyote anaruhusiwa kuingia msitu wa mwenzake akachuma matunda ya porini na uyoga, lakini hakati mti. Katika nyanda za juu za Ethiopia, kanisa la Kiorthodoksi hukaa katikati na miti ya asili hulizunguka, wakati mwingine ikawa ndiyo miti ya asili pekee iliyosalia katika mashamba ya eneo zima. Huko Amhara waumini wamejenga kuta za mawe kuizunguka misitu hiyo ili ng'ombe wasiingie kula miche.

Jamii hizi hazifanani kwa imani wala kwa uchumi. Zinafanana kwa jambo moja: mwanajamii anajua nani anaingia, lini, kuchukua nini, na msitu unakomea wapi. Kujua unakomea wapi ndiko kunakotushinda sisi.

4. Kaya

Kwa lugha za Wamijikenda, kaya ni mji, ni kwenu. Makabila yote tisa, tangu Wagiriama hadi Wadigo, yana simulizi za kutoka Singwaya, nchi yao ya asili, na kujenga miji yenye ngome vilimani na pwani. Mji ulikuwa uwanda wa katikati, penye moro, mahali pa baraza la wazee, na penye fingo (hirizi ya ulinzi) iliyofukiwa. Msitu ulikuwa ukuta wake, na njia chache zenye malango ndizo zilizopenya. Watu walihama taratibu, na kufikia miaka ya 1940 kaya hazikuwa tena makazi. Makaburi na fingo vilibaki, na miti ikabaki kwa ajili ya vitu hivyo. Mkoloni alilielewa hilo kuliko baadhi yetu: baada ya Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama, kulisha watu viapo vya kuupinga utawala wao mwaka 1913, Waingereza hawakutafuta boma la mfalme. Mwaka 1914 waliilipua Kaya Fungo kwa baruti.

Kaya za kwanza zilitangazwa kuwa turathi za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 baadhi yake ziliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa na UNESCO katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Nyingi ni ndogo; Kaya Kinondo, anakoingia mgeni akiwa amejifunga kaniki, ina takriban hekta 30. Kwa msitu wa ukubwa huo, kila hatua ya pembeni ina uzito.

5. Tatizo la mpaka

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilitumwa pamoja na sorovea kupima kaya moja ambayo sitaitaja. Tuliongozwa na mzee mmoja, peku, bakora mkononi. Alisimama kwenye mkwaju mkubwa akasema, "Hapa ndipo tunapovulia viatu." Kutoka mkwaju ule kwenda ndani palikuwa na mkanda wa vichaka ambamo kina mama waliokota kuni zilizoanguka na waganga walichimba mizizi kwa ruhusa ya wazee. Ndani zaidi, hapachukuliwi hata kijiti. Sorovea akatazama ramani yake, akaendelea kuelekea ndani hatua 60, akaonyesha pa kuchimbia bikoni. Mzee akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo karatasi yako ilionyeshwa mpaka na nani?" Sorovea akajibu kwamba imetoka makao makuu. Bikoni ikafukiwa, saruji ikakauka.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mpaka wa kaya ni mstari, hali wazee walikuwa na mkanda. Mkanda ule ndio uliokuwa ukitumika, na kwa kuwa unatumika, ukawa na macho: mwanamke mwenye mzigo wa kuni humwona mwenye shoka kabla ya askari yeyote. Tulipoupima nje ya hifadhi, msimu uliofuata ulilimwa mahindi. Baadaye zikaja hatimiliki, baada ya hatimiliki nyumba za matofali. Leo msitu wa ndani, ule usiotolewa kijiti, ndio umekuwa pembeni, na kila masika jembe linaongeza tuta moja. Hakuna anayejiona mwizi, maana tuta moja si wizi.

Kisha kuna mahakama. Tulimkamata mtu na gogo la mbambakofi lililokatwa, kwa maelezo ya wazee, ndani kabisa ya kaya. Hakimu akauliza swali la haki: mpaka uko wapi? Bikoni mbili zilikuwa zimeng'olewa. Nakala ya ramani tuliyokuwa nayo haikulingana na ile iliyoletwa na afisi nyingine. Wazee watatu walikuwa tayari kutembea na mahakama hadi mkwajuni. Wakaambiwa maneno ya mdomo hayapimi ardhi. Kesi ikatupwa. Gogo, lililokuwa kidhibiti, lilibaki nyuma ya kituo cha polisi hadi mchwa wakalimaliza.

Tangu hapo nimeandika barua 14 kuomba upimaji wa pamoja. Nimejibiwa kwa heshima, kila mara kwamba suala linashughulikiwa. Simlaumu mtu. Afisi ya turathi ina tangazo katika gazeti la serikali, ya misitu ina sheria yake, ya ardhi ina rejista, kaunti ina mipango yake, na kila moja inasubiri nyingine ianze.

Lipo jambo zito zaidi nami nalitaja kwa tahadhari. Wazee wanaoujua mpaka kwa miguu wanapungua, na katika Kaunti ya Kilifi mvi zimekuwa hatari: wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya singizio hilo pana shamba. Anapouawa mzee wa kaya, ramani ambayo afisi hazikuwahi kuiandika huzikwa naye.

6. Mapendekezo

(i) Afisi zote husika zifanye upimaji mmoja wa pamoja kwa kila kaya, wazee wakiwa mbele.
(ii) Mkanda wa matumizi upimwe na kutambuliwa, pamoja na masharti yake ya kuni na dawa.
(iii) Nakala moja ya ramani itiwe sahihi na afisi zote, ipelekwe mahakamani na kwa chifu.
(iv) Ushahidi wa wazee kuhusu mpaka urekodiwe kwa sauti na picha wangali hai.
(v) Bikoni zisaidiwe na ua wa minyaa au mkonge, ambao kuung'oa hakufichiki.
(vi) Wenye hatimiliki ndani ya mkanda wasifukuzwe. Wafanyiwe makubaliano ya kutosogeza kilimo.
(vii) Wakulima wapewe miche ya mivinje, ili boriti za kujengea zipatikane shambani.
(viii) Vijana wateuliwe na kambi (mabaraza ya wazee) kutembea mpakani kila baada ya masika.
(ix) Mauaji ya wazee yachukuliwe kuwa pia suala la ardhi, na uchunguzi uanzie kwenye rejista.
(x) Fomu za tathmini ziongezewe nafasi ya thamani ya utamaduni, na ijazwe na wazee wenyewe.
(xi) Kila kaya iwe na afisa mmoja anayejulikana kwa jina wa kujibu barua.
(xii) Upimaji wa pamoja, kama ilivyoelezwa katika (i), upewe tarehe.

7. Hitimisho

Mwenyekiti, najua (i) na (xii) ni jambo moja. Nimelirudia kwa kuwa katika semina zilizopita lilipitishwa kwa makofi bila tarehe. Mkwaju ule bado upo, sasa uko uani kwa mtu. Mwenye nyumba ni mwungwana, ameniambia hataukata maana watoto wake hucheza kivulini. Yule mzee ametangulia mbele ya haki, lakini mwanawe yumo humu ukumbini, safu ya nyuma, na njia anaijua. Naomba, kabla hatujaenda kunywa chai, wakuu wa afisi waliohudhuria wamtajie siku ya kuwapeleka mpakani.