Imeli ni Mlango, Uwekee Bawabu

Vijana wenzangu wa Meru na Embu.

Leo sizungumzii korti wala maandamano. Nazungumzia imeli. Wengine mtasema hayo ni mambo ya watu wa kompyuta. Hapana. Mama ambaye mwanawe ameshikwa anatutumia nakala ya kitambulisho, namba ya simu na maelezo ya yaliyotokea. Anayezipokea ni kijana wa kujitolea kama wewe. Hiyo ni amana. Na hapa kwetu Waislamu ni wachache, tunajuana. Jina moja likivuja, familia nzima imeshajulikana.

Virusi huingiaje? Mara nyingi ndani ya faili iliyoambatishwa. Tarehe 4 Mei 2000, barua yenye kichwa ILOVEYOU ilianzia Ufilipino ikafika kwenye mamilioni ya kompyuta. Ukiifungua ile faili, kirusi kinajituma chenyewe kwa watu walio kwenye orodha yako ya anwani. Yaani wengi waliipokea kutoka kwa mtu wanayemjua! Kwa hivyo usiseme, "Aah, huyu ni rafiki yangu," ukafungua tu.

Gmail hukagua faili zinazoingia, na zile za exe huzikataa kabisa. Lakini faili ya zip iliyofungwa kwa nenosiri haiwezi kuona ndani yake. Hapo ndipo wewe uweke bawabu. Ingia kwa kompyuta, hata kama ni ya saiba. Kwenye sehemu ya kutafuta andika filename:zip, fungua chaguo za utafutaji pale kando, kisha tengeneza kichujio. Kiambie kiruke kikasha na kiweke lebo, "Kagua kwanza". Fanya vivyo hivyo kwa rar na docm. Ukimaliza, toka kwenye akaunti yako, usiiache wazi kwa anayekuja nyuma yako.

Mjue, kichujio hicho hakiui kirusi. Kinaitenga barua tu, ili usiifungue kwa haraka. Kuhakikisha ni kazi yako, na Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari inapotujia. Mpigie aliyetuma kwa namba uliyo nayo wewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Umuulize: umenitumia faili?

Na likitokea la kutokea, msifiche. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaitaka taasisi imwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72, iwapo uvujaji huo unaweza kuwadhuru wenye data. Nao wenyewe waambiwe, wajilinde.

Tunadai serikali iheshimu haki za watu wetu, na ni haki yetu kudai. Basi na sisi tulinde siri walizotukabidhi. Kichujio ni dakika tano tu. Kiweke leo kabla ya Isha, kisha mwonyeshe mwenzako.