Je, Ni Mungu Anayenituma?
Kupambanua wito wa umisionari

Mazungumzo na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo





Nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya wito wa umisionari, nami nimekubali kwa hofu kidogo, kwa maana mimi si padre wala mtawa. Ni mlei kama ninyi, mkulima na baba wa familia. Hata hivyo, swali hili hutufikia sisi walei kwanza. Kijana anapohisi kwamba Mungu anamwita, mara nyingi hamwendei paroko siku ile ile. Humdokezea mama yake jikoni, au humsubiri kiongozi wa jumuiya baada ya sala, watu wakiisha kutawanyika. Siku hiyo tutamjibu nini?

1. Sote tumetumwa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi za kimisionari, ulifundisha kwamba Kanisa kwa asili yake ni la kimisionari. Papa Paulo VI alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao wenyewe ndio wamisionari wa bara lao. Mwaka uliotangulia, 1968, shirika la Mitume wa Yesu lilikuwa limekwisha kuanzishwa Moroto, Uganda, ili vijana wa Afrika walelewe na kutumwa. Basi asiwepo anayedhani kwamba umisionari ni kazi ya wageni peke yao.

Kila mbatizwa ametumwa kumshuhudia Kristo pale anapoishi. Lakini wako wanaoitwa kuacha kwao, wajifunze lugha ya wengine na kula chakula cha wengine, kwa miaka michache au kwa maisha yote. Wito huo wa pili ndio unaohitaji kupambanuliwa kwa makini, maana anayekosea hapo hujiumiza mwenyewe na huwaumiza wale aliowaendea.

2. Daktari wa Karema

Tutazame mtu mmoja aliyeishi katika nchi yetu. Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860, upande wa Mto Niger, karibu na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa nyara na kuuzwa utumwani, hata wamisionari wakamkomboa katika nchi ya Algeria. Alipelekwa Malta kusomea utabibu, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Hapo alioa, na mwanawe akawa padre. Alitibu wagonjwa na kufundisha dini hapo hapo Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka sitini na saba mahali pamoja!

Ndugu zangu, Atiman alikuwa mlei, mtu mwenye mke. Hakufika mikono mitupu. Alikuwa amekaa darasani miaka mingi kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza. Tena alikuwa mgeni kabisa, aliyetoka upande mwingine wa bara. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Karema alipona kweli, mwili na roho. Huo ndio uwe mzani wetu. Tusiishie kumwuliza kijana kama anatamani kwenda. Tuulize pia kama wenyeji wake watapona kwa kuja kwake.

3. Niliyoyapata mimi

Naomba niseme jambo langu mwenyewe, ingawa si la kujivunia. Nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilitaka sana kwenda kuwa katekista katika jimbo la mbali, kwa wafugaji. Nilifunga, nilisali, na nilipowaza habari za safari machozi yalinitoka. Nilidhani machozi hayo ni sauti ya Mungu.

Nilimwendea katekista wetu mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza neno moja: “Mwanangu, hapa kijijini ni nani atakayefurahi ukiondoka?” Nilinyamaza, kwa sababu jibu nililijua. Kaka yangu alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa nalima sehemu ya shamba aliyomwachia mkewe. Nilikuwa nimejiambia kwamba shamba ni la ukoo, naye mwanamke ataolewa kwingine. Shemeji yangu na watoto wake watatu walikuwa wakilima vibarua katika mashamba ya watu.

Mzee hakunikemea. Alinikumbusha tu agizo la Bwana wetu juu ya mtu aletaye sadaka altareni naye ana neno na ndugu yake: aiache sadaka yake pale, aende kwanza akapatane. Kisha akaniambia nirudi kwake baada ya mavuno.

Haikuwa rahisi. Wajomba walinicheka, na mama yangu hakusema nami kwa majuma kadhaa. Lakini mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji nilimrudishia shemeji shamba lake, na mipaka ikapandwa miti. Baada ya mavuno nilijichunguza tena, nikaona ile hamu ya kwenda mbali imetulia kama moto uliokosa kuni. Nilikuwa nimetaka kukimbia macho ya shemeji yangu, nami nikaita kukimbia huko wito.

Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliyetolewa pepo alimsihi Yesu aende pamoja naye. Bwana hakumkubalia, alimtuma nyumbani kwa jamaa zake akawasimulie. Mimi nami nilitumwa nyumbani, na kazi niliyoikuta huko haijaisha hadi leo.

4. Alama za kutazama

Kutokana na hayo, nawapeni alama nne za kuwasaidia vijana wetu.

Ya kwanza ni haki. Anayedaiwa alipe, na aliyekosana na mtu apatane naye. Hamu inayotoka kwa Mungu haififii tukitenda haki. Huzidi kuwa safi.

Ya pili ni subira. Hisia za siku ya mkutano wa injili hupoa baada ya juma moja. Wito wa kweli hubaki hata katika siku kavu, hata sala ikikosa ladha.

Ya tatu ni uwezo. Je, afya yake inaruhusu? Ana ujuzi gani, na yuko tayari kujifunza? Wazazi wazee au watoto wanaomtegemea wataachiwa nani? Kumtelekeza mama mgonjwa kwa jina la Injili ni kuivunjia Injili heshima.

Ya nne ni Kanisa. Kijana Samweli hakuitambua sauti ya Bwana mpaka mzee Eli alipomsaidia. Hata Barnaba na Saulo hawakujituma: jumuiya ya Antiokia ilifunga, ikasali, ikawawekea mikono. Anayekataa kuulizwa na jumuiya yake atawezaje kuvumilia kuulizwa na wageni?

Tena tukumbuke kwamba mbali si lazima pawe ng’ambo. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1990 juu ya utume wa kimisionari, aliitaja miji mikubwa, wahamiaji na wakimbizi kuwa mashamba ya kupelekewa Injili. Huenda safari ya kijana wetu ni nauli ya basi tu.

Basi kijana akija, tusimpigie makofi upesi, wala tusimkatishe tamaa upesi. Tumwulize kwa upole, kisha tukae naye mpaka baada ya mavuno.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika jumuiya yetu, kijana akihisi wito humwendea nani kwanza? Mtu huyo humsaidiaje?
2. Je, wako wajane au yatima kati yetu ambao haki yao imeshikwa na mtu anayesali pamoja nasi? Tutachukua hatua gani?
3. Ni wageni gani waliofika parokiani mwetu ambao bado hatujawaendea?