Adhabu ya Mlaghai, Mzigo wa Mnyonge
(Hotuba kwa waumini na wapigania haki, Changamwe)



Meli za mafuta hutia nanga Kipevu, hapa hapa Changamwe. Lakini mama wa Likoni au Kisauni, aishiye jirani ya utajiri huo, hununua mafuta ya taa kwa kipimo cha chupa.

Tutazame sheria ilivyomtendea. Mwaka 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa hoja kwamba wafanyabiashara walaghai waliyachanganya na dizeli. Ulaghai ulikuwepo, nao ulistahili kukomeshwa. Lakini sisi mawakili tulifundishwa kwamba adhabu humwangukia mkosaji. Hapa mkosaji alikuwa mwenye lori. Aliyelipa ni mwenye koroboi.

Mwaka 2021 Serikali ilianza kutoa ruzuku ya mafuta. Ruzuku hiyo ilihesabiwa kwa lita: mwenye magari matatu alipata nyingi, mwenye jiko la mafuta ya taa kidogo, na apikaye kwa kuni hakupata kitu. Septemba 2022 ruzuku ilipopunguzwa, mafuta ya taa yalipanda kwa takriban shilingi 20 kwa lita, usiku mmoja.

Umeme nao una lake. Tangu mwaka 2023 bei ya chini kabisa imewekewa mita zisizozidi yuniti 30 kwa mwezi. Lakini katika nyumba zetu za Kiswahili, wapangaji wa vyumba sita hutumia mita moja. Kila chumba ni maskini. Mita yao huhesabiwa tajiri.

Hatuombi sadaka. Kifungu cha 201 cha Katiba ya mwaka 2010 chaagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, mlaghai ashtakiwe, mnyonge asilipishwe kosa lake. Pili, msaada uhesabiwe kwa kaya, si kwa lita wala kwa mita. Tatu, hesabu za fedha za ruzuku zisomwe hadharani.

Ndugu zetu, kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991 kwa sababu watu walikataa kunyamaza, makanisani na mabarabarani. Haki ya kuchagua chama ni kubwa, lakini haijatimia iwapo chungu hakipandi mekoni. Jumapili hii, kila jumuiya ihesabu nyumba zake zinazolala gizani, na orodha hiyo tuipeleke pamoja kwa mbunge.